Kambi ya ziwani kwenye joto kali, na safari hii tuna mtoto mchanga na bibi. Nifanyeje?

MamaTatu

Habari zenu ndugu zangu. Nahitaji ushauri wa mtu aliyewahi kulala hemani na watoto jua likiwaka kwelikweli, maana mwaka jana tulijaribu kwa akili zetu na nusura tulie.

Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 8 na binti wa miaka 4. Tulipanga siku tatu kando ya ziwa. Tulifika saa 5 asubuhi, tukapata uwanda mzuri wa majani, hatua kama ishirini kutoka majini, na mti mmoja mkubwa ubavuni unamwaga kivuli. Tukasema hapa hapa. Hema likasimama, watoto wakaingia majini, nikawa na furaha ambayo sikuwa nimeipata siku nyingi.

Baada ya chakula cha mchana binti alisinzia. Nikamlaza hemani, nikafunga zipu ili inzi wasimsumbue, nikatoka kuosha vyombo. Saa nzima haikutimia. Nilipofungua ile zipu joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria inayochemka. Kivuli cha mti kilikuwa kimeshahamia upande wa pili na sisi hatukuona. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso, mashavu yanawaka, na shuka alilolalia lilikuwa limelowa umbo lake lote, kichwa, mgongo na miguu, kama mtu amemchora kwa maji. Akaniambia, "Mama, kichwa kinagonga." Kisha akatapika.

Tulimtoa, tukamvua, tukamlaza kivulini, tukawa tunampangusa kwa kitambaa chenye maji ya ziwa na kumnywesha kidogo kidogo. Jioni alikuwa anacheza. Mimi usiku ule sikulala, kila mara napapasa shuka lake.

Asubuhi yake, kama saa 1, ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Kijana akachukua tyubu lake la kuelea, akaingia. Baba yake alikuwa anawasha moto, mimi najua baba anamwangalia, baba anajua mimi namwangalia. Nilipoinua macho mtoto alikuwa mbali. Hapigi kelele, anapiga maji kwa viganja tu na tyubu linazidi kwenda. Mume wangu alimfuata kwa kuogelea. Alimpata, lakini kurudi kuliwachukua muda ambao sipendi kuukumbuka, na alipofika nchi kavu alikuwa anatetemeka, anasema chini maji ni barafu na miguu ilikuwa imeanza kumfa ganzi. Kabla ya saa 4 tulikuwa tumeshafungasha.

Sasa mwaka huu kijana amechora ramani ya kambi na kuibandika kwenye mlango wa friji. Kila asubuhi anaiangalia. Nataka twende. Lakini tuna mtoto wa miezi mitano, na mama mkwe wangu anakuja pia, ana miaka 71 na anatumia vidonge vya presha. Naomba mnisaidie: hema niliweke wapi na vipi lisiwe tanuri? Mtoto mchanga na mama nitawalindaje na joto? Na yale maji, kwa nini yalimbeba mtoto wakati hayakuwa na hata wimbi moja?


Naona Mbali

Dada, pole kwa yaliyokukuta. Mimi naona usubiri mwaka mmoja. Mtoto wa miezi mitano hawezi kukwambia kwamba anaumia, na mtu mzima wa miaka 71 ataumia halafu akuambie hajambo ili asiwaharibie safari. Ziwa litakuwepo.


MamaTatu

Asante. Nimelifikiria hilo na bado nalifikiria. Mama mwenyewe ndiye anayesema twende, anasema hajui mwaka ujao magoti yake yatakuwaje. Nikiona haiwezekani nitaahirisha, lakini kwanza nataka kuelewa.


Mzee wa Kasia

MamaTatu, mwanangu, pole sana. Nimeisoma habari yako mara mbili. Nimepiga kambi na wanangu kando ya maziwa tangu mkubwa akiwa anatambaa, leo ana miaka 19, na makosa hayo yote mawili nimeyafanya mimi mwenyewe. Nitakueleza kwa nini yalitokea, maana ukijua sababu utaweza kupanga kambi yako popote.

Nianze na kivuli. Mlifika saa 5 mkachagua kivuli cha saa 5. Lakini joto kali la siku haliji jua likiwa utosini. Ardhi inaendelea kupokea moto kuliko inavyoutoa, kwa hiyo kilele kinakuja baadaye, kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri, jua likiwa limeshaelemea magharibi. Kivuli unachokitaka ni cha saa hizo. Mkifika, msishushe mzigo kwanza. Simama pale unapotaka hema liwe, uelekee jua linakozama. Mti unatakiwa uwe mbele yako. Ukiwa nyuma yako utakupa kivuli asubuhi na kukunyima mchana, na nadhani ndicho kilichowapata. Kisha inua kichwa uangalie matawi: tawi kavu au lililopasuka likiwa juu ya hema, tafuta mti mwingine hata kama kivuli chake ni cha pili kwa uzuri.

La pili, hema ni la kulala usiku. Mchana liwe tupu, milango na madirisha yote wazi, asilale mtu humo hata kwa nusu saa. Kitambaa cha hema kinapitisha mwanga wa jua, vilivyomo ndani vinapata joto, na hewa iliyopata joto haina pa kutokea. Ulipofunga zipu kwa ajili ya inzi ulifunga njia pekee ya kutokea. Sikulaumu, mama yeyote angefunga. Ninachofanya mimi ni kufunga kamba kati ya miti miwili juu kuliko kichwa changu, nikatandaza turubai juu yake, pande mbili wazi, na chini yake mkeka. Halafu naning'iniza chandarua kwenye ile kamba. Mtoto analala pale, upepo unapita, inzi hawafiki, na unamwona mwili mzima kutoka ulipokaa. Hapo ndipo nyumba yenu ya mchana.

Kama huna miti ya kutosha na hema litabaki juani, weka turubai juu ya hema lakini lisiliguse. Acha nafasi ya mkono mzima kati yao. Turubai likilalia hema linakuwa blanketi. Likiinuliwa, jua linaishia juu na hewa inapita katikati. Usiku mkiwa na hakika hakuna mvua, vueni lile vazi la nje la hema mlale na wavu tu.

Sasa upepo, na hapa ndipo lilipo jibu la tyubu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya baridi ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo siku ya jua isiyo na dhoruba, upepo wa mchana unatoka ziwani kuja kwenu, na mlango wa hema ukiuelekeza majini unaupokea. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, na upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Unaendelea hivyo mpaka jua la asubuhi lipashe ardhi tena. Kijana wako aliingia saa 1. Aliingia wakati upepo unaelekea katikati ya ziwa.

Na yale maji yaliyotulia ndiyo yaliyowadanganya. Upepo unaotoka mgongoni mwako unapita juu ya miti na kingo, kwa hiyo hapo pwani hauugusi uso wa maji, unaona kioo. Mawimbi yanaanza mbali, na yanakwenda mbali nawe, huoni vichwa vyake. Tyubu ni jepesi, nusu yake iko hewani, ni tanga hilo. Kabla mtu hajaingia majini, ng'oa majani makavu mkononi, yarushe juu uone yanakoangukia. Yakienda ziwani, hakuna kitu cha kuelea kinachoingia. Mimi matyubu na magodoro ya upepo nimeyaacha nyumbani kabisa tangu mwaka wa pili.

Kuhusu ubaridi aliousikia mumeo: ziwa lenye kina wakati wa joto huwa na matabaka. Maji ya juu yamepashwa na jua, ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya baridi ambayo ni mazito, na hayachanganyiki kwa urahisi. Mtu anayeogelea akiwa amelala juu hausikii. Akichoka akasimama wima kupumzika, miguu inashuka kwenye baridi, misuli inakaza. Mumeo ana moyo mkubwa na Mungu alimsaidia, lakini mwambie asirudie. Chukua dumu tupu la lita 5, tia maji kidogo ya kulipa uzito wa kuruka, funga kifuniko kwa nguvu, funga kamba ndefu kwenye mkono wake. Likae ukingoni tangu mnafika mpaka mnaondoka. Unamrushia mtu, analikumbatia, unamvuta.


Nesi wa Zamu

Mama, mimi nakujibu la mtoto na la bibi, maana ndilo ninaloliona kazini kila msimu wa joto.

Mtoto wa miezi mitano: maziwa yako tu. Usimpe maji, hata kama unaona huruma, mpaka afikishe miezi sita. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko nyumbani, na wewe unywe, maana unakunywa kwa ajili ya watu wawili. Hesabu nepi zilizolowa. Zikipungua wazi kuliko kawaida yake, mkojo ukawa wa rangi nzito, au akawa analegea na hataki kunyonya, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Joto lake lipime kwa kugusa kifua au nyuma ya shingo, viganja vinadanganya. Usimfunike kigari chake kwa kanga wala kitambaa chochote ukidhani unampa kivuli, hewa ya ndani inapanda haraka kama ile ya hema. Na ukimbeba mwilini muda mrefu kwenye jua, mnapeana joto. Mafuta ya kukinga jua umri huo hatuyategemei, tunategemea kivuli, nguo nyepesi za mikono mirefu na kofia.

Mama mkwe: uzee unapunguza kiu. Mwili unahitaji maji na hausemi. Usimuulize kama ana kiu, mpe kikombe kila saa kama dawa. Baadhi ya vidonge vya presha vinatoa maji mwilini kwa mkojo, kwa hiyo kabla ya safari nendeni kwa daktari wake na vidonge mkononi, muulizeni kuhusu joto. Asiache dawa wala kupunguza kwa uamuzi wake. Akikaa muda mrefu asisimame ghafla.

Kilichompata binti yako mwaka jana, jasho jingi, kichwa kuuma na kutapika, ni mwili uliochoka na joto, na mlichomfanyia kilikuwa sahihi. Mtu wa hivyo anatakiwa aanze kupata nafuu ndani ya nusu saa. Kinachonitisha ni hatua inayofuata: joto la mwili likipita nyuzi 40 mtu anachanganyikiwa, anaongea vitu visivyoeleweka, anapepesuka, anaweza kupata degedege au kuzimia. Hapo mnaita msaada wa dharura, na wakati mnausubiri mnampoza kwa nguvu zote: maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Kabla hamjaondoka nyumbani jueni kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi na kama simu inashika pale kambini. Kama haishiki, jueni inashika wapi.

Beba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi.


MamaTatu

Nesi, nimeyaandika yote kwenye daftari. Hilo la kitambaa juu ya kigari nilikuwa nalifanya hata sokoni. Asante sana. Mzee, mume wangu amesoma jibu lako akakaa kimya, kisha akatoka nje akarusha majani.


Kambi Kila Mwaka

Nyongeza mbili ambazo watu wanazisahau. Kaa la moto lililofukiwa mchangani halizimiki haraka, mchanga unalitunza. Juu unaona mchanga tu, na mtoto anakuja na miguu mitupu. Mpwa wangu aliungua nyayo zote mbili asubuhi, moto "tuliuzima" usiku. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, mpaka uweze kuweka mkono. Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata mvua inyeshe vipi, hata likiwa majivu. Gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

La pili chakula. Gandisha chupa za maji nyumbani, ndizo barafu yenu. Pande kubwa la barafu linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na likiyeyuka mnakunywa. Nyama na maziwa vikae chini kabisa, sanduku likae kivulini, lifunguliwe mara chache. Joto likipita nyuzi 32, chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa moja mwageni, msione uchungu.


Msoma Maji

Kabla ya kuoga, angalieni maji yenyewe. Joto kali na maji yaliyotulia huzalisha vijidudu vinavyofanya ziwa lionekane kama limemwagiwa rangi ya kijani, au utando unaokusanyika ukingoni na kunuka. Vingine vina sumu. Mkiona hivyo asiingie mtu wala mbwa, na msichote maji hayo kwa kupikia, kwa sababu kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Maji yaliyo safi kwa macho mnayotaka kunywa, yachemke kwa mapovu makubwa dakika moja kamili, na mkiwa milimani juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Na kama mko katika nchi zenye kichocho, waulizeni watu wa afya wa pale kuhusu ziwa hilo. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotuama yenye majani, vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na kujifuta taulo si kinga ya kutegemea.


Mzee wa Kasia

MamaTatu, nimerudi kwa sababu kuna sentensi yako imenikaa rohoni: "mimi najua baba anamwangalia, baba anajua mimi namwangalia." Hiyo ndiyo hatari yenyewe, kuliko upepo na kuliko ubaridi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wanadhani mtu anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono. Mara nyingi hapana. Mdomo uko sawa na uso wa maji, akipata nafasi anavuta pumzi, haipo ya kuitia. Mikono inasukuma maji chini pembeni, haiwezi kupungwa. Anasimama wima majini, kichwa kimeegemea nyuma, na ndani ya dakika moja anaweza kuwa amekwenda. Mtoto anayepiga kelele majini mara nyingi anacheza. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia.

Kwetu tuna kitambaa chekundu. Aliyekifunga mkononi ndiye mlinzi wa maji. Hashiki simu, hapiki, hasomi, hazungumzi na mtu uso kwa uso. Akizungumza, anaangalia ziwa. Kila nusu saa anakivua na kumfunga mwingine kwa mkono wake huku akisema, "Majini wako wawili," au watatu, na anayepokea anahesabu vichwa kwanza ndipo akubali. Asipokuwepo wa kupokea, watoto wanatoka majini. Wanangu wakiwa wadogo walikasirika sana kwa hilo. Siku hizi wao ndio wanaodai kitambaa.

Majaketi ya kujiokolea wavae binti na kijana kila waingiapo, hata maji ya magotini. Mpime kila mmoja: mfunge, mwambie ainue mikono, kisha vuta mabega ya jaketi juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, halimfai. Yale maboya madogo ya kupuliza mikononi ni mchezo tu.

Na mkisikia ngurumo, hata ya mbali, wote watoke majini. Hema haliwakingi na radi, wala mti mrefu. Ingieni garini, mfunge vioo, msubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.


MamaTatu

Ndugu zangu, tumerudi jana. Siku tatu kamili, usiku mitatu. Nimeona si haki kuchukua ushauri wenu na kunyamaza.

Daktari wa mama alimbadilishia muda wa kidonge kimoja na kutupa maelekezo ya maji. Tulifika saa 3 asubuhi, na kwa robo saa nzima tulikuwa tumesimama mahali patupu tukiangalia jua litakakozama, watoto wanatushangaa. Mahali tulipopachagua palikuwa pabaya kwa macho: mizizi, majani machache, na mbali na maji kuliko mwaka jana. Saa 9 mchana familia mbili zilizokuwa kwenye uwanda mzuri zilihamia kwenye kivuli chetu na viti vyao, tukawakaribisha.

Turubai lilitusumbua. Kamba ililegea mara mbili, mara ya pili liliangukia sufuria. Mume wangu akaongeza kamba za pembeni na vigingi, likatulia. Mtoto alilala chini ya chandarua kila mchana, na mara moja alilala saa mbili mfululizo huku mama akimpepea kwa kifuniko cha sanduku la barafu. Mama nilimpa kikombe kila saa. Siku ya kwanza alikunywa kwa kuniridhisha. Siku ya pili nilichelewa dakika kumi akaniita, "Mkwe, dawa yangu."

Kitambaa tulikikata kwenye fulana ya zamani. Mama alikuwa mkali kuliko sisi wote. Shemeji yangu alikuja kututembelea, akanyoosha mkono akipokee huku mkono wa pili una sahani. Mama akamwambia, "Maliza kula kwanza," na akaendelea kutazama maji. Kijana aliogelea na jaketi lake bila tyubu. Alinuna asubuhi ya kwanza. Asubuhi ya pili saa 12 na nusu baba yake alimpeleka ukingoni akamwambia arushe majani. Yakaelea hewani, yakapita juu ya vichwa vyao, yakaangukia ziwani, na yakawa yanakwenda. Mtoto aliyafuata kwa macho mpaka akayapoteza. Hakusema kitu, alimshika baba yake suruali.

Usiku wa mwisho niliamka kama saa 8. Tulikuwa tumevua vazi la nje la hema, nyota zinaonekana kupitia wavu, upepo mdogo unatoka mgongoni kuelekea majini kama Mzee alivyosema. Nikanyoosha mkono kwa binti, kwa mazoea tu, nikapapasa shuka chini ya mgongo wake. Kavu.

Swali moja limebaki. Tulifungasha asubuhi na mapema hema likiwa na umande, na leo nimelifungua lina harufu ya ukungu. Naliosha kwa nini?


Kambi Kila Mwaka

Hongereni sana! Maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, sifongo. Usilitie kwenye mashine ya kufulia, linamenyeka ule utando unaozuia mvua. Suuza vizuri, kisha liache likiwa limesimamishwa wazi kivulini mpaka mishono yote ikauke, hata ikichukua siku mbili. Mishono na mikunjo ya sakafuni ndiyo inayochelewa, ipapase kwa mkono. Usilianike juani siku nzima, jua linakula kitambaa.


Mzee wa Kasia

Na kamba ziangalie pia. Palipochubuka kata, funga upya.